UZI: Kilomita 50 Tanga hadi Pangani kama mtihani kabla ya Comrades. Unapima nini hasa?

Mpiga Raba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa jogingi niligusia kwamba kabla ya kwenda Comrades mwezi wa sita nitakimbia kutoka Tanga mjini hadi Pangani kama jaribio. PM zikamiminika. Nusu wanataka ratiba, nusu wanauliza kama kwetu wanajua. Bora tujadiliane hapa hadharani.

Kwa mgeni wa mambo haya: Comrades zinakimbiwa Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, tangu 1921. Urefu hubadilika kidogo, kilomita 87 hadi 90 hivi, na mwelekeo hugeuzwa: mara ya kupanda kutoka baharini, mara ya kushuka. Muda ni saa 12 tangu bunduki ilie. Zikitimia, ofisa anafyatua bunduki ya kufunga akiwa ameupa mgongo mstari, asije akaona sura ya mtu akamhurumia. Kama umebakiza hatua mbili, imekula kwako.

Mbio yoyote inayozidi kilomita 42.195 inaitwa ultra. Barabara yetu ya Tanga–Pangani hata kwenye makaratasi ya serikali huandikwa km 50, kwa hiyo tuna ultra mlangoni, haihitaji viza.

Ninachotaka kubishania ni hiki: jaribio la kilomita 50 ni la tumbo. Miguu inafuata nyuma, na mwendo haumo kabisa. Nikifika Pangani nimelegea hoi, hata kama nimetumia saa nne na nusu, nimefeli.

Nieleze. Mtu aliyeshiba vizuri anahifadhi wanga wa kama gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na ini. Mtu wa kilo 70 anachoma takriban kalori 70 kila kilomita. Piga hesabu mwenyewe: hata mafuta ya mwili yakisaidia, kuanzia kilomita ya thelathini na kitu unaishi kwa kile unachomeza njiani. Kwenye marathoni unaweza kujikaza ukafika na tenki tupu. Kwenye kilomita 88, ukiishiwa katika ya 50 bado una karibu marathoni nzima mbele yako.

Sasa kumeza ndiyo kazi yenyewe. Wataalamu wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ukichanganya glukosi na sukari ya matunda, tumbo lililozoezwa hufika 90. Jaribu kumeza hizo saa ya tano, jua la Kigombe linakupiga utosini, damu imekimbilia kwenye misuli na ngozi, tumbo limeachwa na kidogo mno. Andazi ulilolizoea miaka yote linageuka simenti. Hilo huwezi kulijua kwa kuzunguka Raskazone asubuhi. Saa mbili za kwanza kila tumbo lina adabu.

Nitakavyobeba: tende (nane ndogo zinakaribia gramu 40 za wanga), ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, na glukosi kwenye chupa. Vituo vya Comrades navyo vinagawa viazi, ndizi na kola, ndiyo maana sijihangaishi na vile vipakiti vya jeli vya bei ya mchele kilo tano.

Mwendo: saa 12 kwa kilomita 88 ni kama dakika 8 na sekunde kumi kwa kilomita, kutembea na kusimama vikiwa ndani. Kwa hiyo nitakwenda dakika 8 tu. Nikianza saa kumi alfajiri, saa nne na dakika arobaini niko ukingoni mwa mto, naitazama Bweni ng'ambo.

Mwenye hoja aweke. Mwenye matusi apite kimyakimya.

Mgosi wa Barabara ya 12

Tanga ni waja leo waondoka leo, ila huyu wa kuondoka kwa miguu ndiyo kwanza namsikia 😂😂. Mgosi, Pangani gari zipo kila siku.

Swali la kweli sasa. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa kilomita 42 tu, tena kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kama bingwa wa dunia anaishia 42, wewe hizo za ziada unampelekea nani?

Mpiga Raba

Mgosi, Simbu alitumia saa 2 na dakika 9. Mimi nikimaliza 42, Simbu keshaoga, kala, kahojiwa na redio, kapanda ndege. Yule anashindana na watu, mimi nashindana na saa ya ukutani. Sisi wa nyuma ndio tunaokaa juani muda mrefu, kwa hiyo ndio tunaohitaji kujua mwili unafanyaje saa ya sita na ya saba. Yeye hazimhusu.

Mkwakwani Jukwaa Kuu

Mkuu heshima kwako, ila hapa nakupinga. Nimefundisha vijana wa riadha miaka mingi na kilomita 50 kwa mpigo ni uharibifu. Misuli inachanika chanika, kinga ya mwili inashuka, na wiki mbili zinazofuata huwezi kufanya zoezi la maana. Wengi wanaofeli mbio kubwa wamezimalizia kwenye mazoezi.

Dawa inajulikana: Jumamosi 30, Jumapili 20. Siku ya pili unaanza na miguu iliyochoka, unapata faida ileile, na Jumatatu unakwenda kazini. Halafu kama ni lazima ukimbie hiyo 50 yako, isiwe chini ya wiki tano kabla ya mbio yenyewe.

Mpiga Raba

Kocha, nakubaliana nawe karibu yote. Hiyo ya Jumamosi na Jumapili ninaifanya na nitaendelea nayo, kwa kujenga miguu hakuna inayoishinda. Lakini angalia kinachotokea katikati: Jumamosi mchana unakula ubwabwa, unalala, unakunywa maji usiku kucha. Jumapili tumbo ni jipya, chumvi imerudi, ngozi imepumzika. Miguu peke yake ndiyo inayokumbuka ya jana. Kwa hiyo umepima miguu tu. Ninachokitafuta kinajitokeza baada ya saa ya nne bila kukatisha, hakina njia ya mkato.

Muda tumekubaliana. Napanga wiki ya kwanza ya Mei, ni kama wiki sita kabla. Na huo uharibifu unaousema ni halali kabisa kwa anayekimbia 50 kwa kushindana. Ndiyo sababu ya dakika 8. Kwenye marathoni yangu ya kawaida nakwenda chini ya sita na nusu, kwa hiyo hii kwangu ni mwendo wa kupiga soga. Nikijikuta nahema, navunja sheria.

Masharti ya kujitoa nimeyaandika kabla, maana kule njiani akili haiaminiki: maumivu ya sehemu moja yanayobadilisha hatua yangu, natoka. Kutapika mara ya pili, natoka. Mkojo wa rangi ya kola, natoka na ninakwenda hospitali moja kwa moja, maana hiyo ni misuli inayoyeyukia kwenye figo. Kuchoka peke yake si sababu ya kutoka.

Mama Nesi

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote mpaka hapo, nikaona wote mnazungumzia chakula na hakuna aliyegusa maji. Na maji ndiyo yanayoua.

Tumezoea kuambiana "kunywa maji mengi". Kwa mtu anayekimbia saa saba, ushauri huo ni hatari. Akinywa kupita anachotoa jasho, sodiamu kwenye damu inashuka, seli zinavimba, na ubongo nao unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Kwenye maabara, sodiamu chini ya milimoli 135 kwa lita tayari ni tatizo. Dalili zinafanana na za kuishiwa maji: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Matokeo yake anaongezewa maji na wasamaria wema, ndiyo kummalizia kabisa. Angalia pete au mkanda wa saa: vikianza kubana, usinywe tena. Madaktari wa Afrika Kusini, Tim Noakes akiwa mmojawapo, waliliandika tatizo hili tangu miaka ya 1980 kwa kuwachunguza wakimbiaji wa masafa marefu kama hao wa Comrades. Na wanaopata zaidi ni wa nyuma, wanaokwenda polepole na kusimama kila meza.

Kaka mwenye uzi, fanya hivi kabla ya siku yenyewe. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja muda uleule wa jua, jifute jasho, jipime tena. Kila kilo uliyopoteza ni kama lita moja ya jasho, na yale uliyokunywa njiani ujumlishe. Hapo utajua kiwango chako, maana watu wa pwani hii wawili wa umri mmoja na mwili mmoja wanaweza kutofautiana mara mbili. Kisha unywe kwa kiu, usivuke kiwango hicho. Siku ya Pangani jipime mwanzo na mwisho. Ukifika umepungua kidogo, vizuri. Ukifika umeongezeka, kuna kosa.

Chumvi: kijiko cha chai kilichosawazishwa kina sodiamu ya kama miligramu 2,300. Robo kijiko kwenye chupa ya nusu lita pamoja na glukosi, kwa wengi wanakunywa bila kukunja uso. Au nunua ORS dukani, ni bei ya chee na imepimwa vizuri kuliko vinywaji vya matangazo.

Na madafu, najua Mtanga lazima atataja madafu. Ni mazuri, yana potasiamu tele, ila sodiamu yake ni ndogo kulinganisha na inayotoka kwa jasho. Usiyategemee peke yake.

La mwisho nalisema kwa ukali: Brufen na Diclofenac USIMEZE siku hiyo, wala usiku wa kuamkia. Figo tayari zinapata damu kidogo kwa sababu ya joto na jasho, dawa hizo zinaibana zaidi. Maumivu yakizidi, ndiyo ujumbe wenyewe huo, kaa chini.

Mpiga Raba

Shikamoo mama. Hilo la kujipima uzito nalifanya Jumamosi hii hii. Brufen nilikuwa nimeiweka kwenye orodha ya vitu vya mfukoni, nimeifuta.

Mama Nesi

Marahaba mwanangu. Na atakayekuwa na wewe njiani mwambie hivi: ukianza kuropoka na mwili unawaka moto, asikupakie kwanza. Kivulini, maji ya baridi mwili mzima, barafu shingoni na kwapani, apepee, ndipo usafiri. Wengi wanakimbilia gari wakati mtu anaivia ndani.

BintiSigi

Mie naomba niongelee milima, maana hapa naona barabara ya Pangani inasifiwa kama vile ni milima ya Drakensberg kule Afrika Kusini. Ni bapa ile! Minazi, mikonge, vijimwinuko viwili vitatu basi. Comrades ina vilima vitano vyenye majina kabisa: Cowies, Fields, Botha's, Inchanga na Polly Shortts. Ukiwa wa kushuka, mapaja ya mbele yanafanya kazi ya breki kutwa, na msuli unaofanya kazi huku ukivutwa unaumia kuliko unaposukuma. Kuna watu mapafu yanataka, tumbo linataka, mapaja yamekufa.

Uzuri wake ni kwamba mapaja yanajifunza haraka. Ukiyatesa mara moja kwa mteremko mrefu, yanauma siku kadhaa, halafu mara ya pili hayaumii sana kama ya kwanza, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Njoo Muheza, panda hadi Amani kwa kutembea na kukimbia, unatoka kwenye joto unaingia kwenye msitu wa ukungu na mashamba ya chai, mita kama 900 juu ya bahari. Kisha shuka kwa kukimbia. Fanya hivyo mwezi Aprili, Pangani iache Mei. Ila angalia utelezi, mvua zikianza ile barabara haina utani.

Mkwakwani Jukwaa Kuu

Huyu dada ameongea. Mkuu fuata hilo.

Mgosi wa Barabara ya 12

Kwa hiyo kutoka kukimbia hadi Pangani tumefika kupanda Amani. Huu uzi ukifika ukurasa wa tatu jamaa atatakiwa kuogelea hadi Pemba.

Mzee Mkonge

Vijana, mie barabara hiyo nimeipita kwa baiskeli tangu ikiwa vumbi tupu, niwape ninachokijua.

Mei ni masika, tena ndio mwezi wa mvua nyingi kwetu. Mvua itakupoza, usiiogope, lakini miguu itakaa ndani ya soksi mbichi saa saba. Malengelenge yatakuja tu. Paka mafuta mgando katikati ya vidole, kisigino, mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Beba soksi kavu, ubadilishe ukifika Kigombe, maana hapo nusu umeshaivuka. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla. Na raba iwe na nafasi mbele, mguu unavimba. Hizo raba za mitumba zinazong'aa, bonyeza soli kwa kidole gumba kwanza: ikiwa ngumu imeshakufa, hata kama juu ni mpya.

Upepo nao. Mei kusi imeshaanza kushika. Ukitoka Tanga kwenda Pangani unaupokea usoni, utaulaumu, lakini ndio unaokausha jasho na kukupoza. Kuna wajanja watakushauri uanzie Pangani upate upepo wa mgongoni. Usikubali. Upepo wa nyuma ukienda nawe sawasawa ni kama hakuna upepo, unaiva.

Jua litachomoza kama saa kumi na mbili na nusu kasoro, upande wako wa kushoto, baharini. Kabla ya hapo ni giza la saa mbili na zaidi, vaa kizibao cha kung'aa na taa ya kichwani, kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yanayokujia uyaone kwa macho. Sisi tunaendesha kushoto, wengi wanasahau wakianza kukimbia.

Ukifika Tongoni, kilomita kama 17, upunguze mwendo uyasalimie magofu. Msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo. Jirani na pale ndipo Vasco da Gama aliichoma meli yake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua mno hata meli zote hazikuwa na watu wa kuziendesha. Walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda mabichi. Nanyi mnabishana juu ya tende.

Halafu kuna jambo naona hamlijui. Huyo aliyeanzisha Comrades, Vic Clapham, alikuwa askari wa Afrika Kusini aliyeletwa huku kwetu vita vya kwanza, kumfukuza Lettow-Vorbeck, Mjerumani yuleyule aliyewachapa Waingereza hapa Tanga Novemba 1914. Inaelezwa Clapham alitembea kama kilomita 2,700 ndani ya nchi hii. Aliporudi kwao akataka mbio ngumu za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Mwaka wa kwanza walianza watu 34 wakamaliza 16. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili walikufa kwa makumi ya maelfu, na hao hawakuwekewa mbio wala medali.

Mpiga Raba

Mzee shikamoo. Hilo la Clapham sikulijua na nimekaa na fomu ya mbio hizo mezani. Nimemaliza kusoma nikatoka nje kidogo.

Kuhusu upepo, nilikuwa kweli nimeshafikiria kuanzia Pangani. Basi naanzia Tanga.

Dada BintiSigi, Amani imeingia kwenye ratiba, katikati ya Aprili. Ukiwa na mwenyeji wa kunionyesha njia ya mguu niandikie PM.

Jambo moja la nyongeza kwa wanaotaka kuiga: msichukue muda mtakaoupata Pangani mkaupigia hesabu ya Durban. Huku unyevunyevu wa hewa uko juu, jasho linadondoka badala ya kukauka, moyo unapiga zaidi kwa mwendo uleule. Kule juni ni kipupwe, alfajiri watu wanaanza wamejifunika mifuko ya plastiki kwa baridi. Kwa hiyo niliyemaliza Pangani kwa dakika 8 nikiwa na hali nzuri, sijui bado nitakwenda kasi gani kule. Nitajua tu kwamba kiazi cha saa ya sita kinapita. Na kinyume chake: wa Arusha na Moshi wanaotaka kuja kufanya jaribio lao huku, waje wiki moja na nusu au mbili mapema mwili uzoee joto, la sivyo watapima joto peke yake.

Mkwakwani Jukwaa Kuu

Na kutembea je? Umesema dakika 8 na kutembea ndani. Utatembea lini?

Mpiga Raba

Tangu mwanzo, kocha. Dakika tisa kukimbia, moja kutembea, kuanzia Tanga mjini nikiwa bado mbichi. Anayesubiri achoke ndipo atembee, huyo hajapumzika, kashindwa. Dakika ya kutembea ndiyo ya kula na kunywa pia, kwa sababu kutafuna ukikimbia unameza hewa, na hewa ikikaa tumboni hakuna kingine kitakachoingia. Kila baada ya nusu saa kitu kinaingia mdomoni, nina njaa sina njaa. Nikingoja njaa nimechelewa.

Najua inauma kutembea kilomita ya tatu huku watu wa daladala wanakuchungulia. Watanicheka Mwahako, sawa.

Boda Mwahako

Kaka mimi ndiye wa pikipiki uliyeniongelesha juzi kijiweni, kumbe ndiyo mambo yenyewe haya. Nimesoma. Naomba kuelewa kazi yangu vizuri, nikufuate nyuma au nitangulie? Maana kwa mwendo huo nikikufuata nyuma kilomita 50 pikipiki itachemka na mimi nitasinzia.

Mpiga Raba

Tangulia kilomita tano tano, usimame, uningoje. Nyuma utafunga kreti: chupa sita za nusu lita zenye chumvi na glukosi, dumu la maji matupu ya kujimwagia, barafu za mifuko ndani ya ndoo yenye kifuniko, tende, viazi, ndizi, soksi, mafuta mgando, na lile begi dogo la nguo kavu. Nikifika usiniulize "vipi unaendeleaje", kila mkimbiaji atajibu "poa". Niulize nimekula nini tangu kituo kilichopita na tarehe ya leo ni ngapi. Nikikosea tarehe, unanipakia, hata nikikutukana.

Mama Nesi

Na umwagie maji kabla ya kumpakia.

Boda Mwahako

Sawa mama, nimeandika. Kaka, mafuta kwenda na kurudi yako, chai yangu ya asubuhi yako, na tukifika Pangani samaki wako. Saa tisa na nusu usiku niko nje ya geti. Honi napiga mara moja tu, majirani zako nawajua.